Wasomaji Wauliza: Seli Isiyo na Kiini Huishije?

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: tofauti kati ya seli za prokariota, yaani bakteria na arkea, na seli za yukariota, yaani za wanyama, mimea, kuvu na jamaa zao kama amiba. Baadhi tumezifupisha, na zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Shikamooni. Kila kitabu ninachofungua kinasema prokariota "hana kiini". Sasa DNA yake iko wapi, inaelea ovyo tu? Na je, tofauti yenyewe ndiyo hiyo peke yake? – Mwanafunzi wa sekondari

JIBU: Marahaba. Haielei ovyo hata kidogo. Mchukue *Escherichia coli*, bakteria wa utumboni ambaye maabara zinamjua kuliko mwingine yeyote. Urefu wake ni kama maikromita 2, yaani sehemu mbili tu ukiigawa milimita moja mara elfu. DNA yake ni uzi mmoja uliofungwa kama pete, wenye jozi za besi, yaani herufi za DNA, zipatazo milioni 4.6. Ukiukata na kuunyoosha unafika kama milimita 1.5, zaidi ya mara mia saba ya urefu wa seli yenyewe. Shika kamba ya viatu ncha zote mbili uisokote, uendelee kusokota hata ikishakaza: itaanza kujikunja yenyewe vifundo vifundo na kuwa fupi. DNA ya bakteria hufungashwa hivyo hivyo. Kipo hata kimeng'enya ambacho kazi yake ni kusokota, kinaitwa jairesi (kikumbuke, tutakirudia kwenye dawa). Eneo lenye fungu hilo la DNA huitwa nukleoidi. Lina mahali pake katikati ya seli, ila halijazungushiwa utando.

Kuhusu sehemu ya pili ya swali lako, neno "hana" ndilo linalopoteza watu, kwa sababu linamfanya bakteria aonekane seli pungufu. Afadhali uulize kazi inafanyikia wapi. Katika seli yako, jeni hunakiliwa kuwa RNA ndani ya kiini. RNA hiyo hukatwa vipande visivyotakiwa, vilivyobaki vikaungwa, ndipo ikatoka kupitia matundu ya utando wa kiini na kukutana na ribosomu zinazoisoma na kutengeneza protini. Kunakili kuna chumba chake, kusoma kuna chumba chake. Kwa bakteria chumba ni kimoja. RNA ingali inaandikwa, ribosomu imeshaudandia mwanzo wake na kuanza kusoma, na nyuma yake zinafuatana nyingine.

Faida yake ni kasi: chakula kikibadilika, bakteria huanza kutoa vimeng'enya vipya ndani ya dakika chache. Hasara yake ni kwamba hapati nafasi ya kuhariri. Yukariota huchelewa, lakini kule kukata na kuunga humwezesha kutoa protini zaidi ya moja kutoka jeni moja.

Ukishalishika hili, orodha ndefu ya vitabuni inapungua uzito. Bakteria hana mitokondria, basi nishati yake huitengenezea kwenye utando wa seli wenyewe. Hana kiini cha kugawanya, basi hujikata katikati bila mitosisi. Ribosomu zake ni ndogo, 70S, wakati zako za kwenye saitoplazimu ni 80S. Na hapa angalia mtihani usikunase: 70S imeundwa na vipande vya 50S na 30S, na wengi hujumlisha wakapata 80 wakadhani kitabu kimekosea. S hupima kasi ya kitu kuzama kinapozungushwa kwenye senchifuji. Kasi hiyo hutegemea uzito na umbo, kwa hiyo haijumlishwi kama kilo.

SWALI: Chembe nyekundu za damu ya binadamu hazina kiini. Kwa nini haziitwi prokariota?

JIBU: Kwa sababu zilikuwa nacho. Chembe nyekundu huzaliwa ndani ya uboho ikiwa na kiini kama seli nyingine. Inapokaribia kukomaa hukisukuma nje, kikamezwa na seli za jirani zinazofanya usafi, kisha mitokondria na ribosomu nazo huondolewa. Nafasi inayopatikana hujazwa himoglobini. Baada ya hapo chembe hiyo haiwezi kujigawa wala kutengeneza protini mpya, na huisha baada ya siku 120 hivi. Bakteria hana kiini lakini DNA anayo, ribosomu anazo, na anazaa.

Mamalia ndio wenye tabia hii. Ukipaka damu ya kuku kwenye slaidi na kuitia rangi, utaona kila chembe nyekundu ina kiini chake.

SWALI: Mchoro wa bakteria kwenye kitabu chetu una mkunjo wa utando unaoitwa mesosomu. Kitabu cha mwenzangu hakina. Kipi sahihi?

JIBU: Cha mwenzako. Mikunjo ile ilionekana kwenye picha za hadubini ya elektroni, wataalamu wakaipa jina na kuibunia kazi. Baadaye mbinu ya kugandisha seli ghafla kwenye baridi kali, bila kemikali, ilionyesha bakteria wale wale hawana mkunjo wowote. Kemikali za kutayarishia sampuli ndizo zilizoukunja utando. Usiuchore.

SWALI: Hadubini yetu inakuza mara 400 tu. Naweza kuwaonyesha wanafunzi prokariota na yukariota bila kuagiza slaidi za duka? – Mwalimu wa biolojia

JIBU: Unaweza, mwalimu, tena zote mbili kwenye slaidi moja, kutoka kinywani mwa mwanafunzi mwenyewe. Unahitaji slaidi safi, kifuniko chake cha kioo, kijiti cha pamba, kijiti cha meno na rangi ya methilini buluu isiyozidi asilimia 1.

Asisukutue kinywa kwanza, maana bakteria ndio unaowataka. Kwa kijiti cha pamba asugue ndani ya shavu taratibu mara tano au sita, apake kwenye slaidi eneo la ukubwa wa ukucha. Kwa kijiti cha meno akwangue kidogo utando ulio kwenye jino karibu na ufizi, achanganye hapo hapo. Acha ikauke yenyewe kwa dakika mbili tatu. Dondoshea tone moja la rangi, subiri dakika moja, kisha shusha kifuniko kwa kukilaza upande mmoja kwanza ili hewa itoke. Rangi iliyozidi inyonye pembeni kwa karatasi ya kufyonza.

Anza na lenzi ndogo kabisa, tafuta vipande vya buluu hafifu, ndipo upande hadi lenzi ya 40. Seli ya shavu ni bapa, kingo zake hazina mpangilio, na upana wake ni kama maikromita 60. Ikikuzwa mara 400 itaonekana kama kitu cha sentimita 2.4. Katikati yake pana doa la buluu iliyokoza: hicho ndicho kiini. Sasa tuliza mkono, zungusha kirekebishi kidogo kidogo, utazame juu ya seli hiyo hiyo na kandokando yake. Utaona nukta na vijiti vidogo vya buluu nzito, vingine viwili viwili, vingine vimefuatana kama shanga. Hao ni bakteria. Mwenye maikromita moja anaonekana kama nukta ya milimita 0.4, basi. Waambie wanafunzi walinganishe na kiini: kiini peke yake kinampita bakteria mzima mara kadhaa kwa upana. Hakuna mchoro wa ubaoni utakaolifikisha jambo hili kama slaidi hiyo.

Ndani ya bakteria hutaona kitu, na si kosa la hadubini yenu. Mwanga wa kawaida hautenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya maikromita 0.2 hivi, hata lenzi iwe nzuri namna gani.

Yanayoharibika ni haya. Slaidi nzima ikiwa buluu, rangi imezidi: tone la maji upande mmoja wa kifuniko, karatasi ya kufyonza upande wa pili, ipite chini na kusafisha. Duara kamili lenye ukingo mweusi mnene ni kiputo cha hewa, ingawa kila darasa lina mtu atakayelichora na kuliita seli. Nukta zinazotetemeka papo hapo bila kwenda popote husukumwa na molekuli za maji, kwa hiyo usimwambie mtu kwamba bakteria "wanaogelea" mpaka uone mmoja anasafiri. Na picha ikiwa nyeupe mno, punguza tundu la mwanga chini ya meza ya hadubini kabla hujailaumu rangi.

Kila mwanafunzi ashughulike na mate yake mwenyewe. Mkimaliza, tumbukizeni slaidi na vijiti kwenye dawa ya klorini ya kufulia, sehemu moja kwa tisa za maji.

SWALI: Nafanya mazoezi ya kutofautisha bakteria kwa rangi ya Gram. Stafilokoka zangu, ambazo zinapaswa kuwa zambarau, zinatoka waridi. Nimerudia mara tatu.

JIBU: Tuna mashaka na alkoholi yako, lakini tuanzie mwanzo. Njia hii aliibuni Hans Christian Gram mwaka 1884, na inategemea unene wa ukuta. Bakteria walio Gram chanya wana ukuta mnene wa peptidoglikani (wavu wa nyuzi za sukari zilizoungwa kwa vipande vifupi vya protini), nanomita 20 hadi 80. Gram hasi wana tabaka jembamba sana la hiyo peptidoglikani, na juu yake utando wa pili wa nje. Rangi ya kwanza na ayodini huungana ndani ya seli na kuwa bonge kubwa. Alkoholi ikipita, ukuta mnene hukauka na kubana, bonge likanasa ndani; ule mwembamba huachia.

Paka tabaka jembamba, likauke kwa hewa, kisha pitisha slaidi juu ya mwali mara mbili au tatu. Kristali vayoleti, ile rangi ya kwanza ya zambarau, dakika moja, suuza. Ayodini dakika moja, suuza. Halafu inamisha slaidi na udondoshee alkoholi ya asilimia 95 mpaka matone yanayotoka chini yawe hayana rangi, mara nyingi sekunde 5 hadi 15, na papo hapo suuza kwa maji. Safranini, rangi ya pili ya waridi, nusu dakika hadi dakika moja, suuza, kausha, tazama kwa lenzi ya 100 yenye mafuta.

Anayeiacha alkoholi ikae huku anatafuta chupa ya maji amekwisha kuharibu: hata ukuta mnene huachia. Hilo ndilo kosa la kwanza, hasa kwa anayetumia asetoni, ambayo hutoa rangi haraka kuliko alkoholi. La pili ni bakteria wazee. Wakishapita saa 24 kwenye chakula kile kile, kuta zao huanza kubomoka, na Gram chanya hujifanya hasi. Tumia wa saa 18 hadi 24. La tatu ni moto mwingi, unaopasua kuta. Ukibandika slaidi nyuma ya kiganja inatakiwa iwe vuguvugu, isiunguze. Tabaka nene hukosesha kinyume chake: rangi haitoki vizuri na Gram hasi huonekana zambarau.

Safari ijayo usirudie slaidi ile ile gizani. Weka madoa matatu kwenye slaidi moja: sampuli yako katikati, stafilokoka wachanga upande mmoja, *E. coli* upande wa pili. Hao wawili wakitoka zambarau na waridi inavyopaswa, amini doa la katikati. Wasipotoka, tatizo ni mkono wako au kemikali zako.

SWALI: Nimesoma kwamba *E. coli* hujigawa kila dakika 20, na mahali pengine kwamba kunakili DNA yake huchukua dakika 40. Hesabu hii inakubalije?

JIBU: Swali zuri kuliko yote ya mwezi huu, na takwimu zote mbili ni sahihi. Kunakili huanzia mahali pamoja kwenye pete na kwenda pande mbili, kila upande ukinakili takriban herufi 1,000 kwa sekunde. Herufi milioni 4.6 zikigawanywa kwa 2,000 ni sekunde 2,300, yaani dakika 38 hivi. Kisha huhitajika kama dakika 20 za kutenganisha na kujikata. Jumla ni saa nzima.

Bakteria hasubiri nakala moja iishe ndipo aanze nyingine. Chakula kikiwa tele, anaanza duru mpya ya kunakili juu ya nakala ambazo zenyewe bado hazijakamilika. Mtoto anazaliwa na DNA ambayo tayari iko nusu njia kunakiliwa kwa ajili ya watoto wake. Rudisha saa nyuma dakika 60 kwa vizazi vya dakika 20: kunakili kunakomwezesha seli ya leo kujigawa kulianzishwa na bibi yake, wakati bibi mwenyewe anazaliwa.

Seli yako haiwezi mchezo huo. Yukariota huruhusu kila sehemu ya DNA inakiliwe mara moja tu kabla ya kugawanyika. Hufidia kwa kuanzia mahali maelfu kwa wakati mmoja, na bado kazi hiyo huichukua seli ya binadamu kama saa 8.

Dakika 20 hizo, lakini, ni za maabara: nyuzijoto 37, chakula kizuri, hewa ya kutosha. Kwa kasi hiyo mmoja anakuwa 2,097,152 baada ya saa 7. Chakula huisha na taka hujaa mapema, ndiyo maana ongezeko husimama. Utumboni hukua polepole zaidi.

SWALI: Dawa inaua bakteria ndani ya mwili wangu bila kuniua mimi. Inatujuaje?

JIBU: Haijui mtu. Inashika kitu ambacho bakteria anacho na wewe huna, au unacho cha umbo jingine. Penisilini huzuia nyuzi za peptidoglikani zisiungane wakati ukuta unajengwa. Maji huingia, ukuta dhaifu hupasuka. Wewe huna ukuta. Kwa sababu hiyo hiyo penisilini haimfanyi kitu mikoplazima, bakteria asiye na ukuta tangu asili. Siprofloksasini hukamata ile jairesi tuliyoitaja. Streptomaisini na tetrasaiklini hukaa kwenye kipande cha 30S cha ribosomu, erithromaisini kwenye 50S.

Kinga hiyo ina ufa. Ribosomu zilizo ndani ya mitokondria zako zinafanana na za bakteria kuliko za saitoplazimu yako. Kloramfenikoli huzigusa, na ni moja ya sababu za dawa hiyo kuweza kudhoofisha uboho.

Kuvu ni yukariota kama wewe, ribosomu zake ni 80S, ndiyo maana dawa za bakteria hazimwezi na dawa za kumwua ni chache. Nyingi hulenga ergosteroli, mafuta ya utando wake ambayo kwako nafasi yake imeshikwa na kolesteroli. Kirusi hana ribosomu wala ukuta, kwa hiyo kummezea antibiotiki ni kuwasumbua bakteria wasiohusika.

SWALI: Je, ni kweli amepatikana bakteria anayeonekana kwa macho? Kama ni kweli, ile kanuni ya "prokariota ni wadogo" imekufa?

JIBU: Ni kweli. *Thiomargarita magnifica*, aliyetangazwa mwaka 2022, hukaa juu ya majani ya mikoko yaliyozama kwenye maji ya Guadeloupe, visiwa vya Karibi. Seli moja ina urefu wa kama sentimita 1, na baadhi hufika 2. Anafanana na uzi mweupe.

Sababu ya wengi kuwa wadogo ni kwamba ndani ya bakteria vitu husambaa vyenyewe, na umbali ukizidi mara 10, muda huzidi mara 100. Huyu amelikwepa tatizo: sehemu kubwa ya ndani ni mfuko wa maji, na uhai wote umesukumwa kwenye tabaka jembamba pembezoni. DNA yake imo ndani ya vifuko vingi vyenye utando, jambo lililowafanya watu wapige kelele kwamba kiini kimepatikana. Lakini ndani ya vifuko hivyo ribosomu zimo pamoja na DNA. Kunakili na kusoma bado ni chumba kimoja.

Upande wa pili yuko *Ostreococcus tauri*, mwani wa baharini asiyefika maikromita 1, mwenye kiini, mitokondria na kloroplasti vyote vimebanwa humo. Ukubwa utumie kukisia tu.

SWALI: Arkea wana tofauti gani na bakteria, kama wote hawana kiini? Na kwa nini wanasemwa kuwa ni ndugu zetu?

JIBU: "Prokariota" ni neno la sifa, si la ukoo. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA ya ribosomu za viumbe mbalimbali, wakakuta vijidudu vinavyotoa methani viko mbali na bakteria wengine kama vilivyo mbali nasi. Ukuta wa arkea hauna peptidoglikani, mafuta ya utando wao yameungwa kwa namna nyingine ya kikemikali, na mashine yao ya kunakili RNA inafanana sana na yetu. Baadhi hukaa kwenye chemchemi za moto na maji ya chumvi kali, lakini wengine wamo baharini, udongoni na matumboni.

Ushahidi wa sasa unaonyesha kwamba seli ya yukariota ilitokana na arkea, au jamaa yake wa karibu, aliyemwingiza bakteria ndani yake asimmeng'enye. Bakteria huyo ndiye mitokondria. Lynn Margulis alilitetea wazo hili mwaka 1967. Mitokondria ya binadamu bado ina DNA yake ya pete, jozi 16,569 na jeni 37, na hujigawa kwa kujikata katikati.

SWALI: Naomba jibu la haraka kabla ya mtihani: hamira, mwani wa kijani-buluu, amiba, kimelea cha malaria. Nani yuko wapi?

JIBU: Hamira, amiba na kimelea cha malaria ni yukariota, kuwa seli moja hakumfanyi kiumbe awe prokariota. Mwani wa kijani-buluu ni bakteria, jina la "mwani" amelibeba kimakosa. Jamaa yake wa kale ndiye aliyekuja kuwa kloroplasti ndani ya mimea.